Miguu ya Mama Mzazi

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lina maneno ambayo wanaume wengi waliyasoma upesi na kuyapita. Lilieleza kwamba wanawake waishio vijijini ndio wafanyao kazi kupita watu wengine wa nchi hii, pengine saa 12 hata 14 kwa siku, na kwamba kazi yao haijui Jumapili wala sikukuu, huku wanaume wa huko huko wakipumzika sehemu kubwa ya uhai wao. Tangu hapo zimejengwa zahanati na shule, barabara zimefunguliwa, na mambo mengi yamebadilika. Lakini kazi ile bado inabebwa na miguu ile ile, na leo twataka kusema neno juu ya miguu hiyo, hasa ya mama aliyetoka kujifungua.

Mtu yeyote apitaye Nachingwea na Ruangwa wakati wa korosho, kuanzia mwezi wa Septemba au Oktoba, atamwona mama huyo. Mtoto yu mgongoni, naye ameinama chini ya mkorosho akiokota. Jua likipanda hujitwika ndoo ya maji ya lita 20, ambayo ni kilo 20 kamili juu ya kichwa, tena juu ya miguu. Jioni husimama jikoni. Ukibahatika kumkuta ameketi, khanga ikisogea kidogo, utaona nyuma ya goti na kando ya ndama mishipa ya rangi ya samawati iliyotuna na kujinyonga kama mizizi ya mti ufukweni. Naye huifunika upesi. Ukimwuliza atakujibu kwamba ni uzazi tu, na kwamba mama yake alikuwa nayo vile vile.

Jibu hilo nusu yake ni kweli. Ni uzazi, wala hakuna aliyemtupia kitu njiani. Lakini lile neno “tu” ndilo tusilolikubali hata kidogo, kwa sababu katika neno hilo dogo hufichwa maumivu ya miezi, na mara chache hufichwa mauti.

Kwanza na tueleze jambo lenyewe, maana asiyejua kwa nini mshipa umevimba atakubali kila aambiwalo. Damu inapopelekwa na moyo mpaka kwenye vidole vya miguu huteremka bila shida. Shida ni kurudi. Mishipa ya kurejesha damu, ambayo madaktari huiita vena, haina nguvu ya kusukuma kama moyo. Husaidiwa na nyama za ndama: kila mtu apigapo hatua nyama hizo hukaza na kuikamua vena, damu ikapanda. Ili isirudi chini, ndani ya vena mna vilango vidogo vinavyofunguka upande wa juu tu. Profesa Fabricius wa Padova, huko Italia, aliandika kitabu juu ya vilango hivyo mwaka 1603, na jina alilovipa kwa Kilatini maana yake ni hiyo hiyo, milango midogo. Lakini yeye hakufahamu kazi yake barabara. Mwanafunzi wake Mwingereza, William Harvey, ndiye aliyeonyesha mwaka 1628 kwamba damu huzunguka mwilini, na kwamba vilango vile huizuia isirudi ilikotoka.

Sasa mwanamke apatapo mimba, damu mwilini mwake huongezeka karibu kwa nusu ya ile aliyokuwa nayo. Homoni za mimba hulegeza kuta za mishipa. Tumbo likikua, nyumba ya mtoto huikandamiza mishipa mikubwa ya nyongani inayopokea damu ya miguu. Mishipa ikilegea na kutanuka, vilango havikutani tena, kama milango miwili ambayo miimo yake imeachana. Damu hushuka, hutuama, na mshipa hutuna. Mguu wa kushoto ndio unaopatwa zaidi, kwa kuwa vena yake kubwa hupita chini ya mshipa mwingine mzito kabla ya kupanda juu. Kila mimba huongeza hatari ya jambo hili. Mwenye mama au dada aliyepatwa yuko karibu zaidi kupatwa naye, na asimamaye mchana kutwa huzidishiwa taabu. Kwa wengine mishipa hiyo hutokea hata sehemu za siri, nao huona haya kumwambia mtu yeyote, hata mkunga. Wasione haya. Ya mahali hapo kwa kawaida hunywea majuma machache baada ya mtoto kuzaliwa.

Na ya miguuni je? Hapa tuna habari njema, na twapenda ifike kila kijiji kuanzia Kilimarondo hadi Mandawa. Kwa akina mama wengi mishipa hunywea yenyewe katika miezi 3 hadi 12 baada ya kujifungua. Si lazima ipotee kabisa, lakini hupungua, na uzito wa miguu wakati wa jioni hupungua pia. Kwa hiyo mama aliyejifungua juzi asikimbilie kutoa fedha zake kwa mtu anayemwahidi kumtoa mishipa kwa siku saba. Akingoja kwa utaratibu, huku akiutunza mguu, mwili wenyewe utafanya kazi kubwa.

Kuutunza mguu ni kufanya nini? Jambo la kwanza halina gharama ya senti moja: kuuinua. Mama alale chali, miguu yake iwekwe juu ya mto, au juu ya gunia lililokunjwa, au juu ya kiti kilichopinduliwa na kutandikwa nguo, mpaka nyayo ziwe juu kuliko kifua. Akae hivyo dakika 15 au 20, mara tatu au nne kwa siku. Anaweza kumnyonyesha mtoto huku miguu ikiwa imeinuliwa, na tunajua kwamba huo pengine ndio wakati pekee katika siku ambapo hakuna amwitaye. Kuweka miguu juu ya kigoda huku amekaa wima ni afadhali kuliko kuining'iniza, lakini hakufikii kulala.

La pili ni kutembea. Kuna watakaoshangaa, kwa kuwa tumetoka kulalamikia kazi. Kutembea na kusimama si kitu kimoja. Atembeaye huikamua vena kila hatua. Asimamaye mahali pamoja mbele ya meko au kwenye foleni ya bomba huiacha damu ijae. Asiyeweza kuepuka kusimama na akanyage papo hapo, ainuke juu ya vidole na kushuka mara kumi au ishirini. Aketiye kubangua korosho na awe akiviinua vidole vya miguu na kuvishusha, kama mtu akanyagaye cherehani. Akina mama wa zamani walioshona kwa cherehani ya miguu walikuwa wakilifanya zoezi hilo bila kuambiwa na daktari.

Katika jambo hili desturi zetu zina pande mbili. Ipo desturi ya arobaini, ambayo humweka mzazi ndani siku 40. Pumziko hilo ni jema, nasi hatutamuunga mkono yeyote anayelidharau. Lakini pumziko si kulala bila kujisogeza kutwa kucha. Tangu siku ya kwanza, akiweza, mzazi na azunguke chumbani, atoke uani, apinde na kunyosha vifundo vya miguu akiwa kitandani. Upande wa pili ni mama asiye na arobaini kabisa, ambaye mvua za Desemba humkuta na mtoto wa majuma mawili na jembe likamngoja mlangoni. Mwanamke aliyeajiriwa kwa mshahara anayo, kwa sheria ya kazi ya mwaka 2004, likizo ya uzazi ya siku 84, na siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja. Mkulima amepewa siku ngapi, na nani? Siku zake ni zile atakazopewa na mumewe na mama mkwe wake. Basi tunasema kwa waume wa Naipanga, wa Mnacho, wa Mbekenyera na wa kila mahali: majuma 6 ya kwanza ndoo ya maji ni yako. Baiskeli yaweza kubeba madumu mawili hata matatu, na hatujasikia mtu aliyepungukiwa na uanaume kwa kuendesha baiskeli.

Liko jambo la tatu, nalo ni kuufunga mguu. Mijini wenye uwezo hununua soksi maalumu zinazobana, ambazo hupimwa kwa mguu wa mtu mwenyewe. Kwa aliye mbali na duka la namna hiyo, ipo bendeji ile pana inayovutika, ijulikanayo kwa wauguzi wote. Lakini ifungwe kwa akili. Huanzia kwenye shina la vidole, ikafunika kisigino, ikapanda mpaka chini ya goti, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Ikaze zaidi kwenye kifundo na ilegee kadiri inavyopanda, wala isiwe kinyume chake. Ifungwe asubuhi kabla mama hajashuka kitandani, na ifunguliwe usiku. Vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi au vikibadilika rangi, ifunguliwe mara moja. Mwenye ugonjwa wa kisukari, au mwenye miguu ya baridi isiyopata damu vizuri, asifunge kabla ya kuonwa na mganga. Na mtu asidhani kwamba kipande cha khanga kilichokazwa juu ya goti au pajani ni kitu kile kile. Hicho huizuia damu isipande, yaani huongeza ugonjwa uliokusudiwa kuponywa.

Mengine ni madogo nasi tutayapita haraka. Ale mboga za majani, maboga, kunde na matunda, anywe maji ya kutosha, ili choo kisiwe kigumu, maana kujikaza chooni kunasukuma damu chini, na ndiyo sababu bawasiri nayo huwapata wazazi wengi. Bawasiri ni vena zilizovimba mahali pengine. Uzito wa mwili uangaliwe. Aliye bado na mimba alale ubavu, hasa wa kushoto.

Tumefika kwenye mambo yadhuruyo. Katika sehemu nyingi za nchi yetu mzazi hukandwa kwa maji ya moto. Waikandao miili ya wake zetu ni bibi zetu, nasi hatuna neno la kejeli juu yao, kwa sababu huruma na uangalizi wanaompa mzazi ni dawa. Walakini maji ya moto sana kwenye miguu yenye mishipa iliyotuna huitanua mishipa hiyo zaidi, mbali na kuunguza ngozi. Miguu na ioshwe kwa maji ya vuguvugu au ya baridi. Kadhalika mtu asisugue mshipa kwa nguvu akidhani ataurudisha ndani. Kuchanja chale juu yake, au kuupiga chuku, ni kuutoboa mshipa uliojaa damu. Unaweza kutoka damu isiyokatika kwa urahisi, na wembe uliotumika kwa wengi una maradhi yake mwenyewe.

Ikiwa mshipa umepasuka kwa ajali, kwa mwiba au kwa jembe, asiogope kupita kiasi. Alale chini pale pale alipo, mguu uinuliwe juu, kitambaa safi kibanwe juu ya jeraha kwa mkono bila kukiachia kwa dakika kumi au zaidi, kisha apelekwe hospitali. Kamba isifungwe juu ya mguu. Damu ya vena hukatika kwa kuinuliwa na kubanwa, na mtu aliyebaki amesimama akitafuta kamba amepoteza damu bure.

Tunataka msomaji asimame hapa na kusoma pole pole, kwa kuwa hapa ndipo penye lile neno la mauti tulilolitaja.

Mshipa uliotuna ambao waonekana juu ya ngozi, kwa kawaida hauui. Lakini baada ya uzazi damu ya mama huwa nyepesi kuganda, na Mungu ameiumba hivyo ili asiishiwe na damu wakati wa kujifungua. Wema huo una hatari yake. Pengine damu huganda ndani kabisa ya mguu, katika vena kubwa isiyoonekana. Hatari hii ni kubwa zaidi katika majuma 6 ya kwanza, na haiishi kabisa mpaka majuma 12 yapite. Huwa kubwa zaidi kwa aliyepasuliwa, aliyelala kitandani siku nyingi, aliyepoteza damu nyingi, aliyepata homa ya uzazi, mwenye mwili mzito, na aliyewahi kupatwa na jambo hilo zamani. Dalili zake ni mguu mmoja, mara nyingi wa kushoto, kuvimba kuliko mwenzake, kuuma kwenye ndama au pajani, kuwa wa moto na wenye wekundu au kung'aa. Mara nyingine maumivu huwa kwenye nyonga tu. Pande la damu hiyo likikatika hupanda mpaka kwenye mapafu, na hapo mama hupungukiwa na pumzi ghafula, hupata kichomi kifuani, hukohoa damu au huzimia. Yawezekana afe katika muda wa saa chache.

Kwa ajili hiyo mguu mmoja uliovimba baada ya uzazi usikandwe, usisuguliwe, wala usipelekwe kwanza kwa mtu wa kutazama nani aliyetega njiani. Tunajua jinsi jirani wasemavyo: amekanyaga. Tunajua pia kwamba wenye kusema hivyo hawana nia mbaya. Lakini siku mbili za kutafuta aliyetega ni siku mbili za kuiacha damu iendelee kuganda. Mama apelekwe siku hiyo hiyo. Dawa zipo: hupewa heparini kwa sindano, na baadaye warfarini kwa vidonge, na dawa hizo hazimzuii kunyonyesha. Kwa usafiri, upo mfumo wa m-mama ambao serikali iliutangaza kuwa wa nchi nzima mwaka 2022 kwa ajili ya wajawazito, wazazi na watoto wachanga; namba yake ni 115 na kupiga hakuna malipo. Na iandikwe kwa mkaa mlangoni, mahali ambapo hata mtoto wa darasa la pili ataisoma.

Kuna kuganda kwingine kwa juu juu, ambapo mshipa ule ule uliotuna huwa mgumu kama kamba, mwekundu, wenye kuuma ukiguswa. Hatari yake ni ndogo kuliko ya kule ndani, lakini nao hauna budi kuonwa na mganga, kwa sababu yaweza kuwa pande hilo linapanda kuelekea ndani.

Si kila mguu uliovimba ni mishipa. Katika mkoa wa Lindi, kama katika pwani yote, watu wanayajua matende, yaletwayo na minyoo ambayo mbu huipitisha kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Kampeni ya kumeza dawa za kuyakomesha ilianza Mafia mwaka 2000 ikaenea katika mikoa mingine. Mguu wa matende huvimba taratibu kwa miezi na miaka, ngozi ikawa nene, wala hauna mishipa iliyojinyonga. Kuna pia uvimbe wa miguu yote miwili pamoja na uso na mikono, ukifuatana na kichwa kuuma sana, macho kuona giza au kumeta-meta, na maumivu chini ya mbavu. Hiyo ni dalili ya shinikizo la damu la mimba, ambalo hugeuka kuwa kifafa cha mimba. Watu wengi hudhani hatari hiyo imekwisha mtoto akishazaliwa. La, yaweza kumpata mama hata baada ya kujifungua. Huyo naye hangojewi hadi kesho.

Mara nyingi mwanamke mwenye mishipa huambiwa na wenzake kwamba kwa sababu hiyo asitumie njia yoyote ya uzazi wa mpango. Si kweli. Mishipa iliyotuna peke yake haimzuii. Anayekatazwa ni yule ambaye damu iliwahi kumganda ndani: huyo asipewe vidonge vyenye homoni mbili. Na mzazi yeyote, hata mwenye miguu mizima, hapewi vidonge vya namna hiyo katika majuma ya kwanza baada ya kujifungua. Anyonyeshaye hungoja miezi 6. Njia nyingine zipo, na muuguzi atamweleza. Twalitaja jambo hili kwa sababu nafasi kati ya mtoto na mtoto ni pumziko kwa mishipa pia. Mimba inayofuata mbio humkuta mama na vilango ambavyo bado havijafunga.

Baada ya mwaka mmoja, ikiwa mishipa ingali imetuna, miguu inauma, au ngozi juu ya kifundo upande wa ndani imeanza kuwa nyeusi, ngumu na ya kuwasha, mama asiendelee kungoja. Weusi huo hutokana na damu iliyotuama mguuni, na kutoka hapo kidonda hakiko mbali. Kidonda cha mahali hapo ni kikaidi. Watu hukitia unga wa vidonge, majivu na dawa za kila rangi kwa miaka, nacho hakiponi, kwa sababu ugonjwa hauko juu bali katika damu iliyotuama chini yake. Huponywa kwa kusafishwa, kwa kuinuliwa mguu, na zaidi ya yote kwa kufungwa ile bendeji kwa ustadi na kwa subira ya miezi.

Hospitalini mganga atapima kwa mashine ya mawimbi ya sauti aone vilango vipi vimeharibika. Matibabu ni ya namna kadhaa: kuchoma sindano ya dawa inayoufanya mshipa mbovu ushikamane na kufa, kuuchoma kwa joto kutoka ndani, au kuufunga na kuuondoa kwa kisu, njia ambayo Mjerumani Trendelenburg alikuwa mmoja wa walioieleza katika karne ya 19. Mtu asiogope kwamba atapungukiwa na mishipa. Damu ina njia nyingine za ndani, nayo huzifuata. Lakini waganga kwa kawaida hawafanyi hivyo wakati wa mimba, tena hupenda kungoja miezi kadhaa baada ya kujifungua, na ikiwa mama anakusudia kuzaa tena karibuni humshauri amalize kwanza, kwa kuwa mimba mpya yaweza kutunisha mishipa mingine.

Sasa tuna neno na wenye madaraka. Nachingwea si mahali palipokosa kutazamwa na wakubwa. Baada ya vita vya pili serikali ya Uingereza ilileta hapo matrekta na mamilioni ya paundi kwa ajili ya karanga, ikajenga na reli kutoka Mtwara. Mwaka 1951 mpango ukaachwa na reli baadaye ikang'olewa. Ruangwa, iliyokuwa sehemu ya Nachingwea mpaka miaka ya 1990, leo ni wilaya yenye halmashauri yake. Zipo hospitali za wilaya, ipo hospitali ya misheni huko Mnero, ipo Ndanda upande wa Masasi, ipo hospitali ya mkoa Lindi, ile ya Sokoine, na ya kanda huko Mtwara. Hatuwezi kusema kwamba hakuna kilichofanyika. Mwaka 2022 utafiti wa taifa ulionyesha vifo vya wazazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, wakati utafiti wa 2015 na 2016 ulikuwa umeonyesha 556. Hiyo ni kazi kubwa ya wakunga na waganga wetu, nasi twawapa heko.

Lakini mtu na aende kliniki siku ya mzazi kurudi. Mtoto huvuliwa nguo, huwekwa kwenye mizani, huchomwa chanjo, kadi yake huandikwa. Mama aliyembeba mara nyingi huulizwa maswali mawili akiwa amesimama, kisha huenda zake. Shirika la Afya la Ulimwengu lilishauri mwaka 2022 kwamba baada ya siku ya kwanza mzazi aonwe tena angalau mara tatu, kati ya siku ya pili na ya tatu, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika juma la 6. Twaomba katika kila mara hizo muuguzi amwambie mama aketi, ainue khanga mpaka magotini, na amtazame miguu yote miwili ikiwa pamoja, kwa maana mguu mmoja hauonekani kuvimba mpaka ulinganishwe na mwenzake. Kazi hiyo haitaki mashine. Itachukua dakika moja.

Wakungwi wanaofundisha wanawali na kuwaongoza wazazi wapya waitwe zahanati wakaonyeshwe dalili hizo, kwa kuwa wao huonyeshwa mguu ambao muuguzi haonyeshwi, na kwa sababu neno lao huko nyumbani lina uzito kuliko karatasi iliyobandikwa ukutani. Halmashauri zote mbili nazo ziangalie kama bendeji zile pana zimo katika maombi ya dawa ya kila zahanati, si za wodi ya majeruhi peke yake. Na ushirika wa RUNALI, unaozikusanya korosho na ufuta wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale na kuzipeleka mnadani, unao wajumbe katika vijijini vyote. Itakuwa jambo la heshima ikiwa katika mkutano wa msimu ujao, baada ya kusomwa bei na madeni, patasimama mtu akauliza ni akina mama wangapi walioziokota korosho hizo wakiwa hawajatimiza majuma 6 tangu wajifungue, na kila chama cha msingi kijibu kwa hesabu.